Bustani Isiyo na Jumba: Uhakiki wa Sura ya Nchi ya Upare

Neno sura katika lugha yetu lina maana zaidi ya moja. Sura ni uso, na sura ni sehemu ya kitabu. Tunaposema "sura ya nchi" aghalabu huikusudia maana ya kwanza: mabonde, vilima, misitu na mito, kama vile tungetaja pua na macho ya mtu. Insha hii yataka kuijaribu maana ya pili. Yauliza kama nchi yaweza kusomwa mfano wa sura ya kitabu. Kama yaweza kuwa na watunzi, kusudi, mpango na makosa. Na kama ndivyo, tuitendee haki gani tunapoihakiki. Nchi itakayosomwa ni Upare, yaani milima iliyomo katika wilaya za Same na Mwanga, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja.

Msafiri ashukaye garini pale Same hukutana kwanza na ukavu. Ardhi ni nyekundu, miti ni ya miiba, na njiani amekwisha kuyapita mashamba ya mkonge yaliyopandwa safu safu kando ya reli ya zamani ya Wajerumani, ile iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Akiinua macho huiona milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kinapata mita 2,462, nayo mara nyingi imejitanda ukungu. Hapo neno moja humjia kinywani: mandhari. Husema mandhari ni nzuri, akapiga picha, akaendelea na safari yake.

Neno hilo si baya, bali lina mipaka yake. Tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni kutazama. Mandhari ni kitu kinachotazamwa. Kwa hiyo chahitaji mtu aliyesimama kando, asiyelima, asiyechota maji, asiye na zamu. Mkulima aliyeinama katika shamba lake pale Vudee au Mbaga hana mandhari. Ana shamba, ana mfereji, ana mpaka na jirani yake. Basi tukianza uhakiki wetu kwa neno mandhari, tumekwisha kuchagua mahali pa kusimama kabla hatujaanza kusoma.

Ili kulipima jambo hili, twende mbali kidogo, kwenye nchi ambako mandhari ilifanywa kuwa sanaa kamili. Katika karne ya 18 wenye ardhi wa Ayalandi walijijengea majumba makubwa mashambani, na kulizunguka kila jumba wakatengeneza uwanja mpana wenye njia za miti, maziwa ya kuchimbwa, malisho na ukuta mrefu wa mawe. Sanaa ya viwanja hivyo ilikuwa sanaa ya dirisha. Kila kitu kilipangwa kwa ajili ya jicho la aliyeketi sebuleni. Palikuwa hata na mahandaki yaliyofichwa, yaliyozuia ng'ombe wasifike kwenye majani ya jumba, lakini mtazamaji hakuyaona. Kwake yeye nchi yote ilionekana ni moja, tena ni yake. Pale Castletown, katika Kildare, Katherine Conolly aliamuru mwaka 1740 ujengwe mnara ili wenye njaa wapate kazi baada ya majira makali ya baridi. Walilipwa, na hilo ni jema. Walakini mnara wenyewe haukuwa ghala wala kisima. Ulisimamishwa mahali ambapo ungefunga vizuri upeo wa macho kutoka dirishani.

Miaka 100 baadaye, pale Strokestown katika Roscommon, uzuri wa namna hiyo ulidaiwa deni lake. Mwaka 1847, katika njaa kuu ya viazi, mwenye ardhi Denis Mahon aliwaondoa wapangaji wake 1,490 wakatembea kwa miguu hadi Dublin ili wasafirishwe Kanada, na wengi wao walikufa. Mnamo Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi. Leo jumba lake lingalipo, na tangu mwaka 1994 pana makumbusho ya njaa palepale. Mgeni huitazama njia nzuri ya kuingilia, kisha huelezwa ni akina nani walioondoka kwa njia hiyo. Twaweza kusema kwamba uwanja ule sasa unasomwa sura zake zote mbili.

Tukirudi Upare na swali hilo mkononi, jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba hakuna jumba. Walikuwako watawala, mamangi wa Ugweno, Usangi, Mbaga, Mamba na kwingineko. Lakini nchi haikupangwa ili ipendeze kutoka barazani kwa Mangi. Tukitafuta mahali ambapo mistari yote ya nchi inakutana, kama njia za miti zinavyokutana mlangoni pa jumba, hatutapata nyumba bali ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe juu ya mteremko, chini ya chemchemi au kando ya kijito. Sababu yake ni rahisi kuieleza, ijapokuwa haikuwa rahisi kuivumbua. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi ni chembamba. Ukikiachia kiende chenyewe mferejini, ardhi hukinywa kabla hakijafika shamba la mbali. Kwa hiyo maji huzuiwa usiku kucha, watu wakiwa wamelala, na asubuhi ndiva hufunguliwa. Maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu moja, yakakimbia mferejini hadi shamba la aliye zamuni. Bwawa ambalo mtu aweza kulizunguka kwa dakika chache hulisha mashamba ya watu wengi, kwa sharti moja tu: wawe wamekubaliana nani atangulie na nani afuate.

Sharti hilo ndilo linaloifanya ndiva kuwa utungo, wala si shimo la maji tu. Ina mzee wa kugawa zamu. Ina siku ya msaragambo, ambapo wote watumiao maji hutoka na majembe kuondoa tope na kuziba nyufa, na asiyetokea hutozwa faini. Ina kumbukumbu ya ukoo uliochimba kwanza. Umbo la bwawa, urefu wa mfereji na idadi ya zamu vimelingana kama vina na mizani. Ukiongeza mashamba bila kuongeza maji, au ukikosa msaragambo msimu mmoja, utungo wote huharibika, na msikilizaji wa kwanza kutambua kosa ni yule mwenye shamba la mwisho. Hata leo, katika sehemu kama Mamba Miamba ambako tangawizi imekuwa zao la biashara, fedha ya mkulima hutegemea hesabu hiyo ya kale.

Juu ya mashamba, na pengine katikati yake, pamesimama misitu midogo ambayo hakuna aliyeikata kwa vizazi vingi. Wenyeji wa Upare Kaskazini huitaja kwa namna mbili. Iko mipungi, misitu ya koo, ambamo wahenga waliheshimiwa na mafuvu yao yakahifadhiwa. Na iko mishitu, misitu ya jando, ambamo vijana walifundishwa kuwa watu wazima. Mingi ni midogo mno, haizidi kiwanja cha mpira. Mgeni aionaye kwa mbali hudhani ni mabaki ya msitu mkubwa uliosahauliwa na shoka. Sivyo. Imebaki kwa sababu watu waliamua ibaki, na uamuzi huo ulirudiwa na kila kizazi.

Mpaka wa misitu hiyo, kama mipaka mingi ya makaburi na mashamba katika milima ile, hutiwa alama kwa masale. Hapa ulinganifu na Ayalandi waonekana wazi. Ukuta wa mawe wa uwanja wa jumba humzuia kila mtu, akubali asikubali. Masale hayamzuii hata mbuzi. Nguvu yake yote imo katika maarifa ya mtu anayeyaona: lazima awe amefundishwa maana yake. Ukuta husimama hata kama hakuna aujuaye; masale yasipojuliwa hugeuka kuwa majani. Udhaifu wa kazi ya Wapare umo humohumo mwenye uzuri wake, nasi tutaurudia hapa chini.

Je, kazi hii ina watunzi? Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969, aliyakusanya masimulizi ya koo nyingi, na kati ya hayo ni habari ya Ugweno. Masimulizi yasema kwamba Washana, waliokuwa wahunzi, ndio waliotawala kwanza. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi, wakauchukua utawala. Na Mranga, mwana wa Angovi, akaijenga dola kwa kuyapanga upya mambo yake, jando likiwa mojawapo. Kama ndivyo, basi msitu wa jando haukuwa kichaka cha mila tu, bali ni mahali ambapo dola ilifunzwa kwa raia. Profesa Kimambo aliyaandika hayo kama mwanahistoria, wala hakuwa na haja ya kuihakiki sura ya nchi; walakini mwenye kukisoma kitabu chake huku akiitazama milima hupata kuona kwamba jina la mtawala na jina la msitu ni habari moja iliyoandikwa mahali pawili.

Kabla yake walikuwapo wasomaji wengine, nao ni wamisionari wa Kijerumani. Jakob Dannholz wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig alitoa mwaka 1916 kitabu juu ya imani za Wapare, na Ernst Kotz wa Waadventista akatoa chake mwaka 1922. Wote wawili waliishi na watu na kusikiliza mengi, na mtafiti wa leo hawezi kuwapuuza. Lakini tuyaangalie majina waliyoviita vitabu vyao. Cha kwanza kiliitwa Im Banne des Geisterglaubens, yaani katika kifungo cha imani ya mizimu. Cha pili kiliitwa Im Banne der Furcht, katika kifungo cha hofu. Watu wawili wa madhehebu mawili, kwa tofauti ya miaka 6, walilichagua neno lilelile la kuanzia: kifungo. Kwa wasomaji wao wa Ulaya, msitu wa Upare ulifunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, nao ni hofu.

Mhakiki wa leo huvutwa kulikataa neno hilo mara moja. Angependa kusema kwamba mwiko ulikuwa hekima ya kuhifadhi maji, kwamba wahenga walijua elimu ya mazingira kabla ya vyuo, na kwamba wageni hawakuelewa. Hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Maana karibu na Mbaga liko jiwe liitwalo Malameni. Wenyeji wenyewe huwaeleza wageni kwamba hapo zamani watoto waliohesabiwa kuwa ni mkosi waliuawa, na kwamba jambo hilo liliendelea hata katika karne ya 20. Jiwe hilo limo katika nchi ileile yenye ndiva na masale. Aliyemtupa mtoto pale alikuwa akitii mwiko, kama vile aliyeuacha mti wa mpungi bila kuukata alivyokuwa akitii mwiko. Hatuwezi kuusifu mkono mmoja na kuuficha wa pili.

Na kasoro hazikuishia hapo. Ukoo uliochimba ndiva ulijipa haki ya kutangulia, na mgeni aliyehamia alisubiri. Msitu wa jando la wavulana ulikuwa mwiko kwa wanawake, hali wao ndio waliobeba kuni na maji kila siku kupita kando yake. Mtu akisema kwamba Upare haukuwa na ukuta kama wa Ayalandi, na aongeze kwamba wako waliozungushiwa ukuta usioonekana. Wasomaji wa Strokestown wametufundisha njia ya kufuata: hawakulivunja jumba kwa sababu ya wapangaji waliofukuzwa, wala hawakuwasahau wapangaji kwa sababu ya uzuri wa jumba. Vivyo hivyo Malameni isomwe pamoja na ndiva, katika kitabu kimoja.

Hata hivyo, neno hofu halielezi nchi yote, na ushahidi umo katika jambo lililotukia Same penyewe. Serikali ya Kiingereza ilipoleta kodi ya kupimwa kwa mali ya kila mtu, iliyojulikana kwa jina la mbiru, ilimaanisha kwamba jicho la mkadiriaji litapita katika kila shamba na kuhesabu. Mwaka 1945 maelfu ya wakulima waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kuipinga. Na upinzani wao ukaendelea hadi 1947. Kwangu mimi si ajabu kwamba watu waliozoea kupangana zamu za maji na kutoka wote kwa msaragambo waliweza pia kushuka wote kwa siku moja. Watu walio katika kifungo cha hofu tu hawafanyi hivyo. Nchi ile iliwafundisha hofu, naam. Lakini iliwafundisha pia mapatano.

Kama tunatafuta Upareni kitu kinachofanana kweli na uwanja wa jumba la Ayalandi, tusikitafute milimani. Kiko nyuma ya milima, katika mbuga ya Mkomazi. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na kati ya miaka hiyo, mwaka 1988, wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga humo waliondolewa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Leo vifaru weusi wamerudishwa mbugani, na hilo ni jambo la thamani ambalo sipendi kulidharau. Lakini tusome sawasawa: hapa pana nchi iliyopangwa kwa ajili ya jicho la mgeni, na ili jicho lisikwazwe, ng'ombe na mchungaji walitolewa. Handaki lililofichwa la Ayalandi limepata ndugu yake.

Basi nchi ya Upare ina miandiko miwili ya sura yake. Mmoja ni wa mandhari, na una sheria, mipaka ya ramani, askari na bajeti. Mwingine ni wa ndiva na masale, na mlinzi wake mkuu ni kumbukumbu. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, mangi aliondoka na mamlaka yaliyokuwa yakiulinda mpungi. Kanisa na msikiti vilikwisha kuiondoa hofu. Na vijana wengi wamekwenda Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 na sheria ya misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji njia ya kuitenga misitu yake na kuitunza. Walakini kijiji hakiwezi kukitenga kisichokijua. Pale ambapo hakuna tena anayejua kwa nini masale yale yamepandwa, shoka halina sababu ya kusita.

Hofu imeondoka, nasi hatuna haja ya kuililia. Swali ni nini kikae mahali pake. Jibu langu ni kwamba kikae kile ambacho hofu ilikuwa ikikifunika wakati wote, yaani maarifa: mtu auache mti kwa kuwa anajua chemchemi iliyo chini yake inamnywesha nani, na ajue pia ni jiwe gani lililo karibu na nini kilitendeka hapo. Heshima iliyojengwa juu ya kujua huweza kuvumilia kuhojiwa. Iliyojengwa juu ya kutojua huvunjika siku ya kwanza mtu akatapo mti na asidhurike.

Kazi hiyo ya kujua yatuhusu sisi tusomao kurasa hizi. Kila mwaka wanafunzi kutoka Usangi, Suji, Chome na Gonja huingia vyuoni, nao hufundishwa kuhakiki utenzi na tamthilia. Wengi wanayo nyumbani kazi ambayo haijahakikiwa: ndiva yenye jina, ukoo ulioichimba, orodha ya zamu iliyomo kichwani mwa mzee mmoja. Na waiandike, pamoja na lawama zake, kwa Kiswahili na kwa Chasu, wakati mwenye kumbukumbu angali anaweza kusahihisha. Wala wasidhani kwamba wanatoka nje ya chuo kwa kufanya hivyo. Sisi huiita sehemu ya chuo kikuu kitivo, na kabla ya kupewa maana hiyo, kitivo katika Kiswahili kilikuwa ni mahali penye rutuba, ardhi inayozaa sana. Mkulima wa Upare angeuliza mara moja swali ambalo sisi twalisahau: maji ya kitivo hicho yanatoka wapi, na ni zamu ya nani kusafisha mfereji?